Kwa Shamimu, juu ya sanduku la jua na mawingu ya juzi

Shamimu,

Mimi mzima, na wewe nimekuona mzima mchana huu, ukichomoa nguo kwenye begi na kuzirudisha kwenye kamba moja moja, kwa hiyo salamu tuziruke.

Anayeandika ni Mama Riziki. Maneno ni yangu. Nimemwita baada ya alasiri, ameacha cherehani na gauni la mtu likiwa nusu, nikamwambia andika ninavyosema, usinitengenezee. Akaniuliza, "Bibi Aziza, mtoto munalala naye nyumba moja, barua ya nini?" Nikamjibu kwamba nikisema kwa mdomo utanijibu, ukinijibu nitapandisha sauti, nikipandisha sauti utalia, na ukilia mimi nimekwisha. Karatasi itasema mpaka mwisho bila kukatwa. Yeye atakupa alfajiri, ukiamka.

Tangu utoke hapa sijakaa. Nimefagia ua uliokuwa umeshafagiliwa. Nimekwenda hadi barabarani, nikarudi, nikasahau nilikwenda kufanya nini. Mama Riziki analalamika kwamba nasema huku natembea, sauti inakuja na kupotea. Atazoea.

Ulikokwenda nakujua. Umekwenda garaji kutafuta kioo kingine. Unafikiri ukiongeza kioo upande wa ziwa, sanduku letu litapika hata siku za mawingu. Mwanangu, mawingu yakishuka kutoka milimani kama yalivyoshuka juzi na jana, hata ukileta vioo vya magari yote yaliyokufa Rumonge, jua halitatokea kwa sababu limeona kioo. Na hilo unalijua, wewe ndiye ulinifundisha. Hukwenda kutafuta kioo. Umekwenda kutafuta sababu ya kutoondoka kesho.

Na yule mama fundi wa Kigoma alisema wazi kwenye simu, mimi nikiwa hapo hapo nasikia. Jumatatu asubuhi uwe mbele ya atelie yake ya chuma; usipofika anamchukua mwingine, maana wasichana wanaotaka kujifunza kuchomelea chuma wamekuwa wengi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu mwenye kazi. Basi ukikaa kesho, umekaa. Hakuna wiki ijayo. Ndiyo maana nimemsumbua Mama Riziki.

Sitakuambia ule nini huko, ulale saa ngapi, uvae nini. Hayo nimeyasema tangu ulipoachwa mikononi mwangu hujaota hata jino, na mama yako, Mungu amrehemu, ndiyo kwanza amezikwa. Kama hayajaingia mpaka leo, hayataingia kwa barua. Nataka tuzungumze juu ya sanduku.

Nakumbuka siku ulipoanza. Ulikuja na kasha la mbao lililovunjika kona, la wauza nyanya, halafu kasha jingine dogo la kuingia ndani yake. Kesho yake ukaleta kioo cha dirisha la minibasi iliyolala garaji miaka yote ile mpaka kuku wametagia ndani. Ukaleta mikebe ya mafuta ukaipasua, ukaikanyaga mpaka ikalala. Ukawa unaomba kila nyumba zile karatasi zinazong'aa za ndani ya paketi za maziwa ya unga. Mimi nikakuuliza, "Jeneza la nani hilo?" Ukasema, "La kuni, Bibi." Nikacheka, lakini nikaingia ndani haraka ili usinione ninavyocheka, maana nilikuwa nimeamua nisilipende hilo sanduku.

Halafu likaja suala la kujaza nafasi kati ya kasha kubwa na kasha dogo, ili joto lisitoke. Ulitaka vitambaa, mabaki ya kwa Mama Riziki. Nikasema hapana. Nikasema mimi nimefanya kazi kwenye mashine ya mawese tangu kabla mama yako hajazaliwa, najua kitu kinachoshika joto. Tujaze makapi ya michikichi. Ni bure, yako milima kwa milima nyuma ya mashine, na ukiyashika asubuhi bado yana joto la jana. Ukasema, "Lakini Bibi, si bado yana mafuta?" Nikasema, "Nani kazaliwa kwanza hapa?"

Ukajaza makapi.

Kila mtu hapa Rumonge anajua kazi ya makapi. Tunawashia moto! Mtu anayetaka moto ushike haraka anachukua makapi kwa sababu ya yale mafuta. Na mimi, na kichwa changu hiki, nikayatia kwenye ukuta wa kitu kinachotakiwa kuwa na joto kutwa nzima. Mpaka adhuhuri kioo kilikuwa cha njano, huoni ndani. Sanduku lilinuka kama taa ya kibatari. Maharage tulipoyafungua, Mama Riziki huyu huyu anayeandika alionja kidogo, akatema, akaniuliza mbele ya watu: "Bibi, ulikuwa unapika maharage ama unatengeneza sabuni?"

Anacheka sasa hivi. Anaandika huku anacheka, ukiona mstari umepinda ni yeye.

Ninachokikumbuka mimi ni wewe. Hukusema, "Si nilikuambia." Ulimwaga maharage, ukasema, "Sawa, Bibi, sasa tumejua." Ukachomoa makapi yote kwa mkono, yakikunatia mpaka kwenye kiwiko, ukasugua kioo kwa majivu, ukaenda kwa Mama Riziki na gunia kuomba vitambaa. Nimeishi na watu wazima, wenye ndevu na wenye vilemba, ambao hawajawahi kuniachia kosa langu nilishike mwenyewe namna hiyo. Kigoma utakutana na watu wa kukuambia "si nilikuambia" kuanzia asubuhi. Waache waseme. Wewe kaa vile ulivyo.

Sanduku la pili lilikuwa zuri. Rangi nyeusi ya ndani ulipika mwenyewe, masizi na uji wa muhogo. Mpira wa ndani wa baiskeli ukauzungusha kwenye ukingo ili hewa isipite. Bawaba za mfuniko ukakata kwenye kandambili zangu za zamani, hukuniomba ruhusa, nimekusamehe. Na bado maharage yalikuwa yanafika jioni yakiwa magumu.

"Bibi, ulifungua?"

"Sikufungua."

"Bibi. Vidole vyako viko kwenye kioo."

Nilikuwa nafungua, ndiyo. Wewe umekua kwenye ndagala pamoja na mimi, unajua. Samaki wadogo ukiwaanika mchangani na kuwaacha, upande wa chini unaoza, juu wanakula ndege. Unageuza, unageuza, unaondoka, unarudi unageuza. Mikono yangu haijui jua la namna nyingine. Kuweka chakula juani halafu kukiacha, kwangu ni sawa na kukitupa. Kwa hiyo kila ulipopotea kwenye kona nilifungua nikakoroga kidogo, nikafunga, na joto lote ulilolikusanya tangu asubuhi likaenda zake Congo.

Ukafunga mfuniko kwa kitambaa, na fundo ulilijua wewe peke yako. Nikakaa mbele ya sanduku. Nikasimama. Nikakaa. Nikakupigia kelele kwamba unanifunga kama mbuzi, ukaniambia, "Bibi, aliyefungwa ni maharage." Jioni ile yaliiva. Yaliiva mpaka ndani, laini, na mawese yako juu na kitunguu, na hakuna mtu aliyepuliza moto, hakuna macho yaliyotoka machozi. Nilikula sahani mbili nikalala nimekasirika, na wewe ukalala hujui kwa nini.

Nikuambie kwa nini.

Nilipokuwa nalifungua sanduku jioni ile, fundo umeshalifungua wewe, nilitumia mkono wa kushoto. Wa kulia hauinuki juu ya bega tangu nilipoanguka na mzigo wa kuni, na nilidhani hujui ni mbaya kiasi gani, kwa sababu mbele yako naficha. Mfuniko ulikuwa mwepesi. Mshikio ulikuwa upande wa kushoto, umeuzungushia kitambaa nisiungue. Miguu ya sanduku uliikata ifike kiunoni kwangu nisiiname. Sufuria uliyoichagua ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja na mgeni.

Kila kitu ulikipima kwa mwili wangu. Hakuna ulichokipima kwa mwili wako.

Hapo nikajua unaondoka. Ulikuwa hujaniambia habari ya Kigoma, labda ulikuwa hujajiambia hata mwenyewe. Lakini nilisimama pale na mfuniko mkononi nikaelewa kwamba ulikuwa unajijengea ruhusa. Ulikuwa ukisema moyoni, Bibi akiweza kupika bila kuni, naweza kwenda. Ndiyo nilikasirika. Na nilifurahi, vyote viwili kwa pamoja, nikakosa pa kuviweka, nikalala.

Kuna jingine hukulijua. Mama Riziki, hili andika vizuri.

Unakumbuka kwamba kabla ya sanduku Mama Riziki alikuwa anakuja kila jioni kuomba moto, na kigae chake. Anachukua makaa yake mawili matatu, lakini kwanza anakaa, anasema habari za nani kaolewa na nani kafukuzwa, mpaka makaa yanazima kwenye kigae inabidi achukue mengine. Siku ya kwanza tulipopika yote kwa jua, alikuja anakimbia, kitambaa kimemvuka kichwani.

"Bibi Aziza! Kuna msiba hapa?"

"Msiba wa nani?"

"Moshi hautoki tangu asubuhi! Nimesema labda mama ameanguka. Ama chakula hamuna, munaona haya kusema."

"Chakula iko. Kinaiva kwenye sanduku."

"Na moto wangu?"

"Moto hakuna leo."

"Moto hakuna! Sasa hilo jua nalo nilichukue na kigae?"

Tulicheka sana. Lakini kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja. Angekuja kuomba nini? Nilikuwa na chakula kimeiva tangu alasiri, mikono mitupu, ua umefagiwa, na jioni nzima mbele yangu. Wewe ulikuwa ukirudi usiku na mafuta ya garaji kwenye vidole. Basi nikaanza kukoka moto jioni bila kupika chochote, ili jirani aone moshi. Siku moja ukanikuta.

"Bibi, nimekujengea sanduku ili moshi usikuue. Unakoka moto wa nini?"

Nikasema, baridi.

Rumonge! Baridi! Na wewe, kwa heshima, ukaenda kuniletea shuka, nikajifunika mbele ya moto huku jasho linanitiririka mgongoni.

Mama Riziki anasema hajui habari hii. Sasa anajua. Ameweka kalamu chini, anajifuta na ncha ya kitenge. Endelea, mama, jua linashuka.

Aliuona moshi, akaja, ndiyo. Na siku ile ndipo tulipopanga wenyewe, sisi wawili, bila wewe. Siku ya jua, sufuria yake inaingia kwenye sanduku letu pembeni ya yangu. Zinakaa mbili, tumejaribu. Siku ya mawingu, chakula changu kinapikwa kwenye moto wake, kwa kuni zake, na mimi nakaa mbali na moshi kama mke wa mkubwa fulani, nachambua mchele. Ndivyo tumefanya tangu masika yaanze, wewe ukiwa garaji, hukuuliza maharage yameivaje siku ambayo jua halikuonekana. Ulidhani sanduku limeweza. Haikuwa sanduku, ilikuwa Mama Riziki.

Hapa anataka niseme pia kwamba kuni za siku za mawingu atabeba yeye, mimi nisiguse hata kijiti. Nimemwambia aandike kwa mkono wake mwenyewe asije akakana.

Sasa juzi. Juzi Mama Riziki alikuwa Kabezi arusini, mawingu yakafunga, na mimi sikungoja arudi, sikukuambia wewe, nikaenda kuni mwenyewe. Nilikuwa najipima. Nilitaka kujua, siku ambayo hayupo jirani, hayupo mtoto, halipo jua, Aziza ataweza? Ukanikuta katikati ya mtihani, mzigo umeniangukia mlangoni, nakohoa, siwezi hata kusema jina lako. Na jana, naye hajarudi, hivyo hivyo, napuliza moto, moshi umejaa nyumba nzima. Leo mchana ukasimama mbele yangu.

"Siendi, Bibi."

"Unakwenda."

"Nikienda ukianguka, nani atakuinua?"

"Ardhi. Nitalala hapo mpaka nichoke kulala, nitainuka."

"Usifanye mzaha!"

"Basi usiniulize maswali ya kitoto."

"Nitaongeza kioo," ukasema. "Nitaongeza kioo upande wa ziwa, nitafanya mfuniko wa pili. Nikimaliza ndiyo nitakwenda."

Shamimu, hutamaliza. Ukiongeza kioo, utaona miguu imeoza inataka kubadilishwa. Ukibadilisha miguu, utakumbuka kikohozi. Huwezi kunijengea kitu ambacho kitaondoa hofu yako yote juu yangu. Mbao hizo hazipo Rumonge, wala hazipo kwa yule mama wa Kigoma. Nitakohoa. Ukiwepo nakohoa, usipokuwepo nakohoa. Siku moja nitakufa, na inawezekana wewe utakuwa huko, umevaa ile miwani nyeusi ya kuchomelea, na simu italia. Nimesema. Mama Riziki amegoma kuandika hilo, nimemwambia aandike au anirudishie kalamu niandike mwenyewe, na mimi kalamu siijui. Ameandika.

Sasa nikueleze nililolijua kwa njia ngumu, halafu nikuache.

Nilipokuwa na umri wako, shangazi yangu alikuwa akivuka ziwa kutoka Uvira na marobota ya vitenge. Alinipenda. Alisema nina mdomo wa kuuza na kichwa cha kukumbuka bei bila karatasi. Alitaka anichukue tuuze pamoja. Mama yangu alikuwa na mguu mbovu, mguu uliovimba kila masika, na tulikuwa wawili tu nyumbani, kama mimi na wewe. Shangazi alipouliza, mama alisema, "Nenda, mwanangu." Alisema vizuri kabisa. Alisema zaidi ya mara moja. Lakini alisema ameshika mwimo wa mlango, na macho yake yalikuwa yanaangalia mguu.

Nikabaki. Shangazi alipanda mashua na marobota yake, akanipungia mkono, na mwaka uliofuata alikuja na msichana mwingine.

Mama hakunikataza. Angenikataza, ningekasirika, na msichana akikasirika anapata miguu ya kutembea. Alinipa ruhusa kwa mdomo na akaivuta kwa macho, na mimi nikashika ya macho. Tuliishi pamoja miaka mingi. Tulipendana, usidhani vingine. Nilimwosha mguu ule mpaka siku ya mwisho. Lakini kitu kiliingia kati yetu. Aliogopa kunituma hata maji, kwa sababu kila akinituma alihisi anachukua tena. Akipika samaki, kipande kikubwa changu. Mimi nakikataa, yeye anakisukuma, mimi nakirudisha, tunakula samaki aliyepoa. Akiona mwanamke anapita na robota kichwani anabadilisha maneno haraka. Nyumba ndogo vile, na sisi tunazunguka kitu kilicho katikati ya chumba bila kukigusa. Ningekwenda, ningerudi na vitenge na hadithi, angenipigia kelele, ningempigia kelele, tungekuwa watu.

Sitaki tule samaki aliyepoa, mimi na wewe. Nataka ukija kunitembelea uniambie sanduku nimeliharibu, limenuka, nimefungua tena mfuniko, na mimi nikuambie umenenepa na mikono yako imekuwa ya mwanaume. Hilo ndilo ninalolitaka uzeeni.

Na neno moja la kuchukua huko, maana nimelipata kwa Mama Riziki, si kwa akili zangu. Ukifika Kigoma utakuwa na kila kitu kwenye begi na utajisikia vizuri kwamba humsumbui mtu. Msumbue. Siku ya kwanza, kabla hujafungua vitu vyako, nenda kwa jirani uombe chumvi, hata kama unayo. Omba kiberiti. Omba ufagio. Mtu uliyemwomba kitu anakuja kuangalia kama bado uko.

Sasa mimi macho yangu nayajua. Ni ya mama yangu, kila mtu anasema. Nikisimama mlangoni kesho asubuhi nikasema nenda, utaniangalia usoni na utaona kitu kingine, na begi litarudi chini. Kwa hiyo nimefanya kazi yangu mapema.

Begi lako halipo. Baada ya wewe kutoka nimekusanya nguo kwenye kamba, nimezikunja, nimezipanga vizuri kuliko ulivyozipanga wewe, na yule shoferi wa minibasi ya jioni, kijana anayekulaga maandazi ya hapa na anaogopa ulimi wangu, amelipeleka Nyanza-Lac kwa mama yako mdogo. Nguo zote. Viatu. Kanga mbili nilizokuwa nimekuwekea nikisubiri uolewe. Sasa chuma ndiyo mume, hewala. Hapa limebaki gauni ulilolivaa leo, na lina mafuta ya garaji. Ukiniuliza leo jioni nguo ziko wapi, nitakudanganya kwamba nimezianua kwa sababu ya mvua, ziko kwa Mama Riziki. Nisamehe. Uongo mwingine wote wa miaka hii ulinishika nao, huu naomba upite.

Mama yako mdogo anakungoja kwa chakula cha mchana, na atakusindikiza hadi mpakani. Kitambulisho chako na karatasi ya kuvukia sikutuma. Vimo chini ya mto wako, umevilalia.

Na mimi sipo. Mashua zinarudi alfajiri, nitakuwa mchangani na wanawake wa ndagala kabla hujafumbua macho. Usije kuniaga. Nitakuwa nimekuaga usiku huu umelala, nimeshakuombea dua zote ninazozijua na zile ninazozikosea, Mungu anaelewa. Ukija ufukweni, nakuapia, nitakukumbatia mbele ya wale wanawake wote na sitakuachia, na Jumatatu itapita tumeshikana hivyo hivyo kama wajinga.

Mama Riziki anasema karatasi imekwisha, na sauti ya mguu wako inasikika njiani. Unakuja bila kioo, naona. Vizuri.

Ukimaliza kusoma, funga mlango, ufunguo mpe yeye. Nenda sasa, Shamimu. Nenda kabla sijarudi.

Bibi yako,
Aziza